Wino Unaokawia Kuiva

Wino huu ukiandika ni wa buluu, hafifu,
kama umezimuliwa na maji ya kuoshea vikombe.
Unakawia kuiva. Rudi kesho, utaukuta mweusi,
na weusi huo hautoki kwa sabuni wala kwa majuto.
Ndio tunaoamriwa kuutumia hapa Wrexham,
ofisi ya vizazi na vifo, viti vilevile vya kijani
kwa waliopata na kwa waliopotelewa.

Sheria inawapa wazazi siku arobaini na mbili.
Arobaini naielewa.
Hizo mbili, nadhani, ni za kutafuta pa kuegesha gari.

Nimeandika Eirlys, ua jeupe linalochungulia thelujini,
mtoto wa Agosti.
Nimeandika Heulwen, mwanga wa jua,
huku baba yake akikamua mvua kofiani.
Nimeandika Onwubiko, na mama mtu akanieleza taratibu
kama anayenifundisha kufunga fundo:
Kifo, tafadhali.
Tafadhali tu. Sentensi imeachwa wazi
kama mlango wa mtu anayengoja jibu.

Katika daftari la kale, lile la kushikwa kwa glavu,
nilimkuta Tribulation, binti wa mshona viatu,
nikacheka peke yangu: Tabu!
Miaka mia tatu na ushei, hajakanyaga Pangani,
na Pangani nzima inamwita aje ale.

Alhamisi wakaja wawili wa kiwanda cha kuku,
Wamongolia, mikono imechubuka kwa klorini.
Baba ni Lkhagva, yaani Jumatano;
Unguja angekuwa Machano, mambo yakaisha.
Mama ni Sarantuya, mwanga wa mwezi.
Mtoto alikuwa amelala, ngumi moja nje ya blanketi.

Jina?
Khunbish.
Maana yake? (Sheria hainitaki niulize. Huuliza.)
Wakatazamana.
"Si mtu," alisema baba.

Walizika wawili kabla yake,
mmoja huko kwao, mmoja papa hapa;
sahihi kwenye cheti chake cha kifo ni yangu.
Basi mwenye kuchukua akija safari hii,
akiuliza nani kalala humu, ataambiwa: si mtu.
Atageuza, aende kutafuta watu.

Niliandika, herufi moja moja.
Mkono ulisita, na si kwa ajili ya tahajia.

Mimi naitwa Siwatu.
Miaka hamsini na mbili nimeishi na kisa kimoja:
usiku niliozaliwa mawifi wa mama hawakutokea,
hata na birika la maji moto,
na bibi akanivika jina kama kanga ya mafumbo,
wahusika wasome wenyewe: hao si watu.
Nilikuwa kijembe kabla sijawa mtoto.
Nikiitwa nije kula, mtaa mzima unaguna.
Kisa kitamu. Nimewasimulia wenzangu wa ofisini,
wakacheka hadi chai ikapoa.

Jioni ile nilimpigia mama mdogo, Tanga.
Kabla yangu, nikamuuliza, alikuwapo mtu?
Simu ikanyamaza.
Nikadhani salio limekwisha.

"Wawili," akasema. "Pacha. Nani kakwambia?"

Na wale mawifi?

"Mawifi walikuja. Walikuja wote, na uji wa pilipili manga.
Lakini wewe, mwanangu, ungeitaja vipi sababu yenyewe
naye yuko mlangoni, anasikiliza?"

Leo mapokezi kuna msichana mgeni,
hajakisikia kile kisa changu.
Wenzangu wakaniomba nikirudie.
Nikakirudia chote: birika, bibi, mawifi wasiokuja,
sikupunguza hata neno,
kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika,
uso nimeuelekeza mlangoni.